Walijiandikisha 23, jukwaani wakapanda wanne. Wanafunzi wangu wa Kiingereza wamenifanya nini?

#1 Mhaya wa Nsambya

Habari zenu wakuu.

Niko Kampala mwaka wa sita sasa, nafundisha Kiingereza watu wazima waliotoka nje ya Uganda. Darasa langu la jioni lina Wakongo wengi (Goma, Bukavu, Bunia), Warundi, Wasudan waliokimbia vita iliyoanza kwao Aprili 2023, Wasomali wachache wa Kisenyi na Waeritrea wawili wanaokaa Kabalagala. Wengi wako katikati: wananunua, wanauliza njia, wanagombana na konda wa taksi, ila akipiga simu mtu wa ofisi wanampa mwenzao apokee.

Mwezi wa kumi na moja nikapata wazo. Badala ya mtihani wa kuongea wa kufunga mwaka, tufanye onyesho la vipaji la Krismasi. Kila mtu apande jukwaani dakika nne: aimbe, aghani, achekeshe, acheze na kueleza ngoma ya kwao, mradi iwe kwa Kiingereza. Nikabandika karatasi ukutani, nikachora mti na mzee mwenye ndevu. Majina 23 yakajaa ndani ya siku mbili. Nikajiona nimeua.

Nikakodi spika, maiki mbili na viti vya plastiki 80. Tukachangishana pilau ya kuku. Jumamosi saa nane mchana watu wakaja wamependeza, wengine na familia zao. Mshereheshaji akaita jina la kwanza: mwenyewe akatikisa kichwa. La pili: yuko chooni. La tatu: "Mwalimu, siku nyingine." Mpaka saa kumi na moja walikuwa wamepanda wanne, na mmoja wao ni mtoto wa miaka saba ambaye hata si mwanafunzi wangu.

Sasa kilichonileta hapa ni hiki. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nahesabu viti ili wenyewe waje kuvichukua. Nyuma ya ukumbi kuna bomba, na watu sita walikuwa wanaosha sahani, akina dada watano na kijana mmoja. Wakaanza kuimba. Mmoja kageuza jerikeni la manjano analipiga kwa viganja, mwingine anagonga vijiko viwili. Sauti tatu zimepangana, ya chini, ya kati na ya juu, kama wamefanya mazoezi mwaka mzima. Na wanaimba kwa Kiingereza! Wimbo wa Krismasi niliowafundisha mwenyewe darasani, beti zote tatu, bila karatasi. Watano kati ya hao sita majina yao yalikuwa kwenye orodha yangu. Nilisimama na kiti mkononi mpaka nikasahau nimefika cha ngapi.

Naomba mnieleweshe. Januari nataka kurudia, na sitaki kukodi spika za kuja kusikiliza mbu.

#2 Kipande cha Muwa

Naweka kiti hapa na rolex yangu, chapati ya mayai mawili. Huu uzi utakuwa mrefu.

#3 Kaka Mkubwa wa Mwanza

Ngoja kwanza. Mtanzania anafundisha Kiingereza Kampala? Si sawa na kupeleka senene Bukoba? Mkuu, hao hawakuogopa jukwaa. Walipiga hesabu, wakaona Kiingereza ulichowapa kinatosha kuoshea vyombo tu.

#4 Mhaya wa Nsambya

Kaka Mkubwa, nakuachia Mungu. Mshahara unaingia.

#5 Chaki Nyeupe

Pole mkuu. Jambo lako lina jina miaka mingi. Mwaka 1986 mtafiti Horwitz na wenzake wawili walitoa kipimo cha hofu ya lugha ya kigeni darasani, sentensi 33 ambazo mwanafunzi anazikubali au kuzikataa. Hoja yao ni kwamba hofu hii ni kitu cha peke yake, haifanani na woga wa kawaida. Mtu anahubiri mbele ya umati kwa Kifaransa, ukimpa Kiingereza mbele ya watu kumi viganja vinalowa. Katika lugha yake ni mtu mzima mwenye akili na utani wake. Katika lugha ngeni amerudi kuwa mtoto, na watu wanaona. Katika hao 23 hukosi mtu aliyekuwa mwalimu mkuu kwao.

Halafu soma bandiko lako mwenyewe: "badala ya mtihani". Walijua ni mtihani uliovalishwa kofia ya Krismasi. Pale bombani hakukuwa na mwenye kalamu.

#6 Mhaya wa Nsambya

Sikuwa na kalamu.

Sawa, nilikuwa nayo. Lakini ilikuwa ya kuweka tiki kwa aliyekwisha kupanda.

#7 Mzee wa Mizani

Chaki, usitutishe na mwaka. Kipimo hicho walianza nacho kwa wanafunzi 75 wa Chuo Kikuu cha Texas waliokuwa wanaanza Kihispania. Vijana wa chuo Marekani. Hapa tunazungumzia binti wa Bukavu anayesema Kimashi na bibi yake, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni, anaimba Kilingala, na sasa ana Kiganda cha kununulia nyanya. Mtu wa namna hiyo kukosea lugha ni maisha yake ya kila siku, ameshazoea. Tafuteni sababu nyingine.

#8 Mama Kisenyi

Mwalimu, nakuuliza kwa upole tu. Hilo onyesho uliliita la Krismasi, ukachora na mzee wa ndevu. Darasani una Wasomali na Wasudan. Mimi jirani zangu ni hao hao. Watakuandikia jina kwa adabu, kisha siku yenyewe watakuja kwa ajili ya pilau na kukaa nyuma. Si kwamba wana ubaya na sikukuu yako. Hawataki kesho picha ifike kwa mjomba kwamba fulani alisimama chini ya mti anaimba.

Na hao Waeritrea, kama ni wa kanisa la Orthodoksi, Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Desemba yote wamefunga: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Umewapikia kuku!

#9 Mhaya wa Nsambya

Mama Kisenyi umenichoma. Wale wawili walikula kachumbari na ndizi mbivu. Nilidhani hawapendi mapishi yetu.

Lakini Wasomali na Wasudan kwenye orodha walikuwa sita tu. Toa hao, toa Waeritrea, bado wamebaki kumi na tano. Na waliokuwa bombani ni Wakongo na Mrundi mmoja, wote watu wa kanisa.

#10 Mtoto wa Bukavu

Mutanisamehe, Kiswahili yangu iko ya kwetu. Mwalimu, sisi Wakongo kuimba tunajua tangu mu tumbo ya mama. Lakini kwetu mutu haimbake yeye peke yake. Anaimbaka mu korali. Uko na wa sauti ya kwanza, wa ya pili, uko na ndugu ku kuume na ku kushoto, kama unasahau neno yeye analibeba. Sasa wewe unamuita mutu jina lote kabisa, na maiki, na batu mia banamuangalia. Ataona kama uko unamuita ku tribinale, mahakamani! Njo maana ile batu bakapata sauti ku maji. Kule hakuna mwenye aliitwa.

#11 Kipande cha Muwa

"Kule hakuna mwenye aliitwa." Mtoto wa Bukavu amefunga uzi. Twendeni nyumbani.

#12 Wanjiru wa Busia

Haujafungwa. Mimi ni Mkenya, nimekulia tamasha za muziki za shule. Ile yetu ya kitaifa imekuwapo tangu 1927, na pale tunashindana hadi machozi, ila hata mtoto wa darasa la pili akipanda, anapanda na darasa lote: shairi la kundi. Watoto thelathini wamepangwa mistari mitatu, mmoja anatoka mbele anasema mstari mmoja, anarudi, wenzake wanaitikia. Yule anayetetemeka anasema maneno manne tu, na bado ameshasimama jukwaani.

Kwa hivyo nakubaliana na ndugu wa Bukavu, isipokuwa hapo kwa peke yake. Wakongo wanaoimba peke yao nimewasikia baa zote kuanzia Busia hadi Kabalagala, na maiki hawaachii. Swali langu ni zawadi. Mwalimu, uliweka zawadi?

#13 Mhaya wa Nsambya

Niliweka. Laki moja ya Uganda kwa mshindi na kamusi kwa wa pili. Majaji watatu.

#14 Wanjiru wa Busia

Basi! Laki moja kwa watu ambao nusu yao wanadaiwa kodi ya nyumba. Wanakaa wanne chumba kimoja, wanapika sufuria moja. Nani ampite mwenzake mbele ya wote kisha usiku walale mkeka mmoja?

#15 Kaka Mkubwa wa Mwanza

Mimi kwa laki moja ningeimba hata Kichina.

#16 Ssebo Pole Pole

Banange, salamu. Mimi ni Mganda, Kiswahili nilipata kambini kwa sababu mzee alikuwa askari, kwa hivyo mkiona makosa mpige kambi, musinipige mimi. Nataka kuuliza, mshereheshaji alikuwa nani?

#17 Mhaya wa Nsambya

Rafiki yangu, Mganda mwenzako, mchangamfu kweli. Na umenikumbusha. Mrundi mmoja alifika mpaka mbele, kavaa suti. Mshereheshaji akamshika mkono akamwambia "Well done, sir!" Yule bwana akasema asante, akainama kidogo, akarudi kukaa. Watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijajua ilikuwaje.

#18 Ssebo Pole Pole

Hahaha, nilijua tu! Sikilizeni. Sisi Kiganda tuna salamu ya kumpongeza mtu kwa kazi, *gyebale*. Unamkuta mtu analima, anafagia, hata amekaa tu, unampa hiyo. Tukihamia Kiingereza tunasema "well done". Ni salamu tu, kama nyinyi mnavyosema "za kazi". Mwalimu amemfundisha Mrundi Kiingereza cha kitabu, ambacho hayo maneno mtu huambiwa baada ya kumaliza. Basi ameambiwa amemaliza. Angefanya nini, abishane na mwenye maiki?

Mwalimu, huyo mtu alifaulu mtihani wako kuliko wote. Alisikia Kiingereza, akakielewa, akatii.

#19 Chaki Nyeupe

Nimecheka mpaka nimemwaga chai kwenye daftari za watu. Hii naipeleka darasani kesho.

#20 Mzee wa Mizani

Sasa tuwe makini kidogo. Hao watatu waliopanda ukimtoa mtoto, walifanya nini, na watu walipokeaje?

#21 Mhaya wa Nsambya

Wa kwanza Msudani, alisoma shairi lake, akaondoka haraka. Wa pili dada wa Bunia, aliimba vizuri ila maiki ilikuwa inapiga mluzi. Wa tatu kijana wa Goma, mchekeshaji. Alianza kwa kujitambulisha: "I have twenty-five years." Kulikuwa na meza ya majirani niliowaalika, wakacheka. Yeye akadhani utani wake umeingia, akaendelea, ila wenzake darasani walijua kilichochekwa ni nini. Baada yake ndiyo akapanda yule mtoto, kisha hakuna aliyesogea tena.

#22 Mzee wa Mizani

Kumbe ulikuwa na jibu mfukoni, umetuzungusha kurasa mbili.

Kwa Kifaransa mtu "ana" miaka 25. Kwa Kiswahili vilevile, nina miaka 25. Kiingereza kinataka "I am". Lugha mbili zinamsukuma kwenye kosa moja, na ni kosa ambalo hata Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne analifanya. Hao majirani walicheka neno moja, wakaua vipaji kumi.

#23 Wanjiru wa Busia

Lakini mzee, rudi bandiko la kwanza. Majina matatu ya mwanzo yalikataa kabla mchekeshaji hajapanda. Kicheko hakiwezi kurudi nyuma.

#24 Mzee wa Mizani

Umenikamata. Nasema basi kicheko kilimalizia.

#25 Dereva wa Mutukula

Mimi nawabeba watu hawa kila wiki, wengine wananisimulia njia nzima. Mwalimu, uliwaambia kuna kurekodi?

#26 Mhaya wa Nsambya

Ndiyo. Kuna kijana alikuwa anarusha moja kwa moja mtandaoni. Nilitangaza darasani siku moja kabla nikidhani nawapa motisha, ndugu zao huko nyumbani wawaone.

#27 Dereva wa Mutukula

Huyo ndiye aliyekuharibia. Darasani kwako kuna mtu hajapata karatasi yake ya ukimbizi. Kuna mwingine aliondoka kwao usiku na hataki mtu fulani ajue yuko nchi gani. Kuna mwenye kesi ya kupelekwa Canada au Australia, ameambiwa akae kimya. Wewe unamsimamisha mbele ya simu, jina lake kamili, mji wake, sauti yake. Jukwaa na bomba vyote vina maji, mkuu, kimoja tu ndicho kina kamera.

#28 Mama Kisenyi

"Jukwaa na bomba vyote vina maji" maana yake nini?

#29 Dereva wa Mutukula

Hata mimi sijui, niliandika nikiwa kwenye foleni. Lakini mmenielewa.

#30 Mtoro wa Masaka

Huu uzi umenikuta pabaya. Mimi ni wa Bukoba kama mtoa mada. Miaka ya tisini wazazi waliokuwa na ng'ombe wawili watatu walikuwa wanauza mmoja ili kumvusha mtoto mpaka wa Mutukula aje kusoma Uganda, Kiingereza kimkae mdomoni. Nikaletwa shule ya bweni nina miaka tisa. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikutwa unasema lugha yako unavalishwa shingoni, na huvuliwi mpaka umnase mwenzako anasema ya kwao. Mimi nilikivaa muhula mzima kwa sababu sikuwa na wa kumnasa. Kihaya na Kiswahili nilikuwa nasema peke yangu, kitandani, nikiota.

Siku ya wazazi kutembelea tukapangwa kuimba. Mama alikuwa amepanda basi tangu alfajiri. Nikafika mbele, nikaona mwalimu wa zamu amesimama pembeni, nikashika kifua kuangalia kama kibao kipo. Hakikuwapo. Lakini sauti haikutoka.

Kwa hiyo unaposema "mradi iwe kwa Kiingereza", mimi nakusikia hapo, sisikii kwenye vipaji.

#31 Mhaya wa Nsambya

Pole ndugu yangu. Sina la kujibu.

#32 Ssebo Pole Pole

Pole ssebo. Kile kibao nakijua, wengi wetu tumekivaa kwa Kiganda, ndani ya Buganda. Na Kiswahili ndicho kilikuwa kibaya zaidi, kiliitwa lugha ya wezi na wanajeshi. Amin alikifanya lugha ya taifa 1973, basi watu wakakichukia pamoja naye. Afadhali 2022 serikali ikakifanya lugha rasmi.

#33 Mzee wa Mizani

Marekebisho kidogo. Kiswahili kiliingia kwenye Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya 2005. Mwaka 2022, mwezi wa saba, Baraza la Mawaziri liliridhia kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na likaelekeza kifundishwe shuleni kwa lazima. Ni mwezi huo huo Kongo ilipokamilisha kuingia kwenye Jumuiya.

#34 Kaka Mkubwa wa Mwanza

Rasmi tangu 2005, na bado jana nimeuliza bei ya viatu soko la Owino kwa Kiswahili, nikaambiwa niongee Kiingereza.

#35 Ssebo Pole Pole

Ulitajiwa bei ya Mtanzania. Ungesema Kiganda ungepata nusu.

#36 Kipande cha Muwa

Turudini kwenye sahani zinazooshwa jamani, rolex imekwisha.

#37 Neema ya Juba

Nilifundisha Kiingereza Juba miaka mitatu, na onyesho kama hili nilifanya mara mbili. La kwanza lilikufa kama lako. La pili nilibadilisha mambo machache, sitasema lipi liliponya kwa sababu niliyabadilisha yote kwa pamoja.

Kilichopanda jukwaani kilikuwa kwa lugha yoyote, Kibari, Kiarabu, Kidinka. Kiingereza kikawa cha utangulizi tu: sentensi tatu, huu wimbo ni wa wapi, unaimbwa lini, nani alinifundisha. Na utangulizi hausemi mwimbaji. Anausema rafiki yake. Mtu kumsifia rafiki hashikwi na kigugumizi.

Jingine sikulitegemea. Kiingereza kingi kilikuwa nyuma ya pazia. Nani ameshika orodha, nani anatunza muda, nani amechukua waya, kwa nini umenihamisha nafasi ya tano ukanipeleka ya tisa. Kulikuwa na dada ambaye darasani hakuwahi kufungua mdomo. Nilimpa saa ya ukutani awe mtunza muda. Alimfukuza mchungaji jukwaani kwa Kiingereza safi: dakika zako zimekwisha, watu wanasubiri. Mchungaji akashuka.

#38 Chaki Nyeupe

Dada Neema, hii ya rafiki kumtambulisha rafiki naichukua. Asante.

#39 Mshona Viraka

Nyote mnaongea lugha na saikolojia. Mmeshaona mtu wa Kinshasa au Goma akipanda jukwaani na nguo ya kila siku? Hapandi. Mwalimu katangaza mwezi wa kumi na moja, watu wakajiandikisha wakitegemea hela ya Desemba. Hela haikuja. Mimi nina cherehani Katwe, vitambaa vitatu vya hao hao watu viko hapa vimekatwa, havijashonwa, wenyewe hawajalipa salio.

#40 Mhaya wa Nsambya

Mkuu, uko makini? Vitambaa vya wanafunzi wangu?

#41 Mshona Viraka

Sijui kama ni wako. Walisema ni vya "sikukuu ya shule ya Kiingereza". Kimoja kina kasuku.

#42 Mtoto wa Bukavu

Mimi nilikuwa sitaki kusema hii, lakini mutu wa viraka ananifurahisha na kunihuzunisha. Mwalimu, ile wiki yako, kuna batu ba Bukavu balipata habari ya matanga. Sitaji jina. Tangu Goma ilichukuliwa Januari 2025, na Bukavu mwezi wenye ulifuata, habari zinakuja vile, ku simu, usiku. Kama mumoja amefiwa, wenzake hawawezi kusimama mbele na kucheza. Lakini hawawezi pia kukuambia, juu umelipa spika. Njo wanaenda ku choo.

#43 Wanjiru wa Busia

Pole sana. Ila samahani ndugu, nisionekane sina utu: kama ni matanga, mbona waliimba bombani?

#44 Mtoto wa Bukavu

Dada, kwenu ku matanga hamuimbake?

#45 Wanjiru wa Busia

Tunaimba. Nimenyamaza.

#46 Mama Kisenyi

Lakini wimbo wa Krismasi?

#47 Mtoto wa Bukavu

Hapo hata mimi sijui, mama. Labda walikuwa wanaosha tu.

#48 Dereva wa Mutukula

Kuhusu kurudia Januari: mwiteni kila mtu kwa sikukuu yake. Tarehe 1 Wasudan wana uhuru wao, wa 1956. Tarehe 4 Wakongo wana sikukuu. Tarehe 7 Krismasi ya Waeritrea, kuku wanaliwa. Wiki moja tu, taifa lote la darasa lako limo.

#49 Mtoto wa Bukavu

Kaka Dereva, tarehe 4 kwetu ni ya mashahidi wa uhuru, bale balikufa Léopoldville, Kinshasa ya leo, 1959. Haiko ya kucheza. Weka tarehe ingine.

#50 Dereva wa Mutukula

Ahsante, nimeshuka kituo kibaya.

#51 Mhaya wa Nsambya

Wakuu, narudi na habari. Jana jioni nilimbakiza dada mmoja wa wale wa bombani baada ya kipindi, yule wa jerikeni. Ni mtu mzima, ana watoto watatu, anauza mkaa asubuhi na kusoma jioni. Nikamuuliza kwa Kiswahili ili asione kama namtega. Dada, siku ile nilikuita mara mbili hukupanda. Jioni nikakusikia unaimba Kiingereza kizuri kuliko changu. Kulikuwa na nini?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema: "Mwalimu, pale tulikuwa tunaosha vyombo."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Akachukua mfuko wake akaniaga.

#52 Chaki Nyeupe

Ndiyo hofu yenyewe hiyo! Mikono ikiwa na kazi akili haijipimi. Nilisema tangu #5.

#53 Wanjiru wa Busia

Hapana, amesema "tulikuwa". Wingi. Kundi, mwalimu.

#54 Dereva wa Mutukula

Amekwepa swali. Mwenye la kuficha hujibu hivyo hivyo.

#55 Mzee wa Mizani

Ametoa jibu la adabu kwa mwalimu aliyemuuliza swali la aibu. Mnachambua maneno matano kama msahafu.

#56 Mtoro wa Masaka

Ulimuuliza kwa Kiswahili akajibu kwa Kiswahili. Mrudie wiki ijayo umuulize kwa Kiingereza, uone kama jibu ni lile lile.

#57 Kaka Mkubwa wa Mwanza

Suluhisho rahisi: Januari peleka sahani chafu jukwaani.

#58 Neema ya Juba

Kaka Mkubwa umetania, ila mimi ningefanya hivyo kweli. Beseni, sabuni, jerikeni, maiki moja imening'inizwa juu ya kamba, na mwalimu akae nje.

#59 Mshona Viraka

Na mwenye kasuku aje achukue kitambaa chake, salio nimemsamehe nusu.

#60 Kipande cha Muwa

Mtoa mada, maswali mawili kabla sijalala. Ulisema walioimba ni sita, na watano walikuwa kwenye orodha. Huyo wa sita ni nani?

#61 Mhaya wa Nsambya

Ni mke wa yule Mrundi wa "well done". Kiingereza hajui hata neno moja. Ndiye alikuwa sauti ya juu.

Swali la pili?

#62 Kipande cha Muwa

Viti vilitimia?

#63 Mhaya wa Nsambya

79.